Ufunguo wa Tatu

Sanduku la kikundi lilikaa chini ya kitanda cha Nangila, kwa hiyo kila kilichoharibika kilianza kuharibika nyumbani kwake.

Jumamosi ile wanawake wa kikundi cha akiba cha Tusaidiane walianza kufika kijijini Buteba kabla jua halijakolea. Walikuja na vikapu vitupu, wengine wamesuka nywele upya, maana ilikuwa siku ya mgao, siku pekee katika mwaka ambayo mwanamke wa pale hushika pesa yake bila kuulizwa ni ya nini. Mgao wao haukungoja Krismasi kama wa vikundi vingine. Waliuweka mwezi wa tatu, kabla ya mvua, ili pesa ikutane na mbegu. Mikopo yote ilikuwa imerudi, sanduku limejaa, chai inachemka. Alikosekana mtu mmoja tu, na huyo ndiye aliyekuwa na ufunguo wa tatu.

Sanduku lilikuwa la bati zito, na lilifungwa kwa kufuli tatu. Ufunguo mmoja alikuwa nao Akullo, mwenyekiti. Wa pili alikuwa nao Aboth, mama mnene wa maneno mengi aliyeuza samaki wakavu Busia, upande wa Kenya. Wa tatu walimpa Maharaj, kuhani wa hekalu la Wahindu mjini Tororo. Walimchagua kwa sababu ambayo kila mtu aliiona ya busara: Maharaj hakuwa na ukoo Buteba. Hakuwa na shemeji wa kumlilia shida, wala mjomba wa kuzika, wala mtoto wa dada aliyefukuzwa shule. Mwenye ufunguo aliyemtangulia, mwanamke mwema wa palepale kijijini, alikuwa na hao wote, na mwaka wake mgao uliishia kwa machozi.

Saa nne simu ya Akullo ikalia. Ulikuwa ni ujumbe. Akausoma kimya, akaurudia, kisha akawasomea wenzake.

“Mimi hapana kuja leo. Takuja Jumamosi tarehe ishirini na moja. Samahani mama wote. Maharaj.”

“Halafu?” Aboth akauliza.

“Halafu hakuna. Imeishia hapo.”

Akampigia. Simu ilikuwa imezimwa. Akapiga tena mbele ya wote, akaiweka sauti nje ili kila mtu asikie mwenyewe kwamba imezimwa. Alijua watu wake. Asingefanya hivyo, kufikia saa sita wangesema hakupiga.

“Mimi siku zote nilikuwa na swali na huyo mtu,” mmoja akaanza. “Miaka mitatu hajala kwetu. Unampikia kuku, hapana. Unamletea yai, hapana. Ndizi moja tu, na maji nakuja nayo kwa chupa yake.”

“Mtu asiyekula kwako anaogopa nini?”

“Uliza anajua nini.”

Basi ukarimu wote wa Maharaj ukatolewa nje kama godoro lenye kunguni, ukakung’utwa. Mwaka wa kwanza hekalu liliwaongezea juu ya akiba yao kiasi kilekile walichoweka, bila riba na bila kudai. Siku hiyo walipiga vigelegele mpaka wapita njia wakadhani kuna arusi. Leo wakaulizana ni nani katika dunia hii anayekupa pesa bila riba, na huyo akikupa anachukua nini ambacho hukioni.

“Huko Busia nilisikia kuna watu nakaa na ufunguo tu,” Aboth akasema, akishusha sauti ingawa hakukuwa na mgeni. “Hawagusi sanduku. Pesa natoka yenyewe. Inavutwa.”

“Inavutwa na nini?”

“Sasa mimi nitajua? Uliza hao wanaowasha taa mchana hekaluni.”

Akullo, ambaye hakuamini maneno hayo, ndiye aliyesema sanduku litolewe wapime uzito. Likatolewa. Kila mwanamke akaliinua kwa zamu, akalitikisa, akaweka sikio. Wa kwanza akasema liko sawa. Wa pili akasema mwaka jana lilimvunja mgongo. Kufikia wa tano sanduku lilikuwa limekwisha kuwa jepesi.

“Labda mwaka jana zilikuwa sarafu nyingi,” Nangila akasema.

Wote wakamgeukia.

“Wewe umejuaje ndani mwaka huu kuna noti?” Aboth akauliza, kwa upole uliomchoma kuliko tusi.

Nangila akasema alikuwa akifikiri tu. Akaondoka kwenda kuipua chai ambayo hakuna aliyeinywa.

Ukutani kwa jiko alisimama mumewe, Owori, akisikia yote. Siku hiyo hakwenda Malaba, ambako alipata riziki kwa kuwalindia madereva mizigo wakiwa wamelala kwenye foleni ya mpakani. Alibaki kwa sababu mgao wa mkewe ulikuwa na safari moja tu: kutoka kwenye sanduku mpaka mkononi mwa mzee Omaido. Mwaka uliopita, mama yake Owori alipopasuliwa tumbo, waliweka shamba la bondeni rehani kwa Omaido. Lilikuwa ndilo shamba lao pekee lenye udongo mweusi, na ndilo lililowalisha. Mbele ya mwenyekiti wa kijiji walikubaliana kwamba pesa isiporudi kabla jua halijazama Jumapili hii, shamba limeuzwa. Nangila alikuwa ameweka akiba mwaka mzima kwa ajili ya Jumapili hiyo. Alikuwa amekula mboga bila mafuta kwa ajili yake.

Na Jumapili ilikuwa kesho.

*

Wanawake walipotawanyika, Omaido akapita, kama mtu aliyekuwa na njia yake tu. Alikuwa mzee nadhifu, mstaarabu, na kila neno lake lilikuwa na adabu. Owori alimwogopa kwa hilo hasa.

“Habari ya mgao, mama Jonan?”

“Umesogezwa kidogo, mzee,” Nangila akajibu. “ Mwenye ufunguo amepata shida.”

“Ee, shida ni za wote.” Akatazama bondeni, ambako shamba lilionekana vizuri kutoka uani. “Mimi sina haraka. Tarehe ndiyo ina haraka. Ng’ombe za ndugu yangu nimeshaomba, Jumatatu ziko huru.”

“Mzee, ni wiki mbili tu,” Owori akasema.

“Baba Jonan, mimi nawe tulikaa kwa mwenyekiti, tukasema tarehe. Wewe ndiwe uliyesema mgao wa mama Jonan haujawahi kuchelewa.” Akatabasamu, akaaga, akaenda zake.

Owori hakungoja mgongo wa mzee upotee. “Leta hilo sanduku. Nitaivunja hiyo kufuli ya Mhindi kwa nondo. Dakika tano.”

“Na wenzangu niwaambie nini? Panya ameingia?”

“Waambie ukweli. Chukua yetu, acha yao.”

“Wataniita mwizi mpaka nazikwa. Na kanuni unaijua: akivunja mtu ambaye si mwanachama, akiba ya nyumba hiyo imepotea yote.” Alikuwa amekwisha kufunga kitambaa kichwani. “Tororo si mbali. Nakwenda kumwona mwenyewe kwa macho.”

“Peke yako?”

“Nikienda na mtu watasema tulipanga wawili.”

Owori akamtazama akipanda boda. Lilimjia wazo ambalo hakulipenda: mkewe amewahi kwenda hekaluni mara nyingi, amekuwa akiwauzia ufuta miaka na miaka, na ni yeye aliyelitaja jina la Maharaj kikundini mara ya kwanza. Akaliondoa. Likarudi likakaa.

*

Hekalu lilikuwa jeupe, lenye ua uliofagiwa. Ekwaro, mlinzi, alimjua Nangila kwa magunia yake ya ufuta, akamfungulia geti bila maswali.

“Maharaj yupo?”

“Yupo, lakini hayupo,” Ekwaro akasema. “Sasa hivi anaswalisha mwingine, ametoka Jinja. Wetu anakaa kule nyuma. Haingii ndani, hashiki kitu. Mimi sijui.”

Nangila akavua viatu, akazunguka. Maharaj alikuwa ameketi juu ya mkeka kwenye baraza ya nyuma, mbali na mlango wa ibada, amevaa kitambaa cheupe kisicho na pindo. Kichwa chake, kilichokuwa na mvi nyingi, kilikuwa kimenyolewa mpaka kinang’aa. Nangila alisahau salamu aliyoitayarisha njia nzima. Kwao Usamia pia wafiwa hunyolewa. Yeye mwenyewe alinyolewa alipokufa baba yake.

“Nani amekufa?” akauliza.

Maharaj akainua uso. Tangu Jumatano waliomwona walikuwa wakimuuliza tu kama anaumwa.

“Kaka yangu. Mkubwa. Kule India.”

“Pole sana, Maharaj.”

Nangila akaketi chini kwenye saruji, kama mtu anavyoketi na mfiwa, na kwa muda hakuomba kitu. Maharaj akamweleza kwa Kiswahili chake kilichovunjikavunjika. Siku kumi na tatu. Mwenye kifo mwilini haingii kwa Mungu, hagusi kilicho cha Mungu, haendi kwenye furaha ya watu. Ufunguo wao aliuweka miguuni pa Mama Lakshmi, mungu wao wa kike mwenye baraka ya mali, tangu siku ile walipompa. Hawezi kuuchukua.

“Na pesa yenu mimi hapana taka gusa na kifo. Tawaletea mbaya.”

“Kwa nini hukutuambia?”

“Nyinyi mko na furaha, mgao. Mimi nalete habari ya maiti? Si vizuri.”

Nangila akamshukuru kwa hilo, na ndipo akamweleza. Akasema shamba, akasema Omaido, akasema kesho jua likizama. Alikuwa ameapa hatalia. Lakini alipofika pale pa kutaja ng’ombe za Jumatatu machozi yakamtoka mfululizo, akayafuta kwa kitambaa cha kichwani bila kuona haya.

“Mwambie huyo wa Jinja aingie autoe. Nipe mimi, niende nao.”

Maharaj akamtazama. Kisha akatabasamu. Lilikuwa tabasamu dogo, la mtu aliyelitambua jambo.

“Mama Aboth pia alilia,” akasema.

Nangila akakishusha kile kitambaa.

“Mwaka wa kwanza. Alikuja hapa, akaanguka pale. Mtoto wake nakufa, alisema, nataka ufunguo, nataka pesa ya daktari. Mimi nilisema hapana. Usiku sikulala. Wiki ijayo nyinyi wote mlinipigia makofi. Mlisema, Maharaj amepita mtihani. Mlisema, hata sisi tukija, hata tukilia damu, usitoe, mkono wako tu. Mimi niliapa mbele ya Mama.”

Yote yalikuwa kweli. Na lililokuwa baya zaidi, Maharaj hakulijua: mtihani ule ulibuniwa na Nangila. Yeye ndiye aliyesema wamtume Aboth kwa kuwa Aboth anajua kulia. Walicheka sana siku ile.

“Huu si mtihani, Maharaj. Hii ni ya kweli.”

“Mama Aboth pia alisema ya kweli.”

“Niangalie basi! Unaniona mimi nacheza?”

Maharaj alimwangalia. Moyoni hakuwa na hakika hata kidogo. Wazee wa hekalu walikuwa wamemwonya mara nyingi kwamba wanawake wale watamtumia, na kwamba siku atakapolegea ndiyo siku jina la hekalu litakapoburutwa sokoni. Tena hizi zilikuwa siku za kaka yake, na kuvunja kiapo ndani yake kungekuwa kosa juu ya kosa. Kama mama huyu anadanganya, akitoa ameanguka. Kama anasema kweli, asipotoa ameanguka pia. Akachagua kuanguka upande ule aliokuwa ameapa.

“Tarehe ishirini na moja,” akasema kwa upole. “Mimi mwenyewe. Hakuna shilingi moja tapotea.”

Nangila akainuka. Getini kuhani wa Jinja alikuwa akigawa kashata za ufuta kwa kila aliyetoka kwenye ibada, akampa na yeye yake katika kipande cha gazeti. Nangila alikuwa na hasira kiasi kwamba alifika barabarani ndipo akakumbuka kuwa ufuta ule ni wake.

*

“Amefiwa,” Owori akayarudia maneno ya mkewe. “India.”

“Amenyolewa kichwa chote.”

“Hata mimi nikitaka nanyoa. Wembe ni shilingi ngapi?” Alikuwa ameketi mlangoni, hakumpisha. “Maiti iko mbali, kaburi iko mbali, hakuna mtu atakwenda kuona. Hao watu nasema uongo kwa akili.”

“Sijaona uongo.”

“Na hiyo?” Alikuwa ameona kile kipande cha gazeti. “Umekwenda kudai, umerudi na tamu. Amekupa kwa nini?”

“Wamempa kila mtu.”

Jonan, mtoto wao, akanyoosha mkono. Owori akaichukua kashata, akaivunjavunja, akawatupia kuku. Kuku wakala, na watu watatu wakasimama uani kungoja kuona kama watakufa. Hawakufa. Jonan akaenda kulia nyuma ya nyumba.

Jumapili, baada ya kanisa, kikundi kikakutana tena uani. Akullo akamtaka Nangila aeleze, naye akaeleza vyote: kichwa, mkeka, siku kumi na tatu, miguu ya Mama Lakshmi, hata kashata ya getini. Kuhusu mtihani wa Aboth akasema pia, na Aboth akatazama pembeni. Hawakumwamini. Kijijini pale mtu amewahi kuwaua kwa mdomo shangazi wanne ili akwepe deni moja, na kila mmoja uani alimjua mtu wa namna hiyo. Msiba wa mbali ulikuwa kisingizio walichokitumia wenyewe.

“Mimi nasema tuvunje leo,” Akullo akasema. “Tuko wote, tunaonana. Nani hataki?”

Hakuna asiyetaka. Owori, aliyeketi kando kwa kuwa hakuwa mwanachama, akaisogeza nondo kwa mguu mpaka ikafika katikati.

“Haya. Nani anavunja?”

Hapo ndipo mambo yalipokwama. Kwenye kufuli ya tatu Maharaj alikuwa amefunga uzi mwekundu siku aliyopewa ufunguo, akiunong’oneza maneno ya lugha yake. Mwaka wa kwanza waliuona kama pambo. Sasa ili kuvunja kufuli ilibidi uzi ukatwe kwanza, na wanawake waliokuwa wametoka kuimba kanisani kwamba hawaogopi kitu chini ya jua wakaanza kutazama vidole vyao vya miguu. Mmoja akasema ana mimba. Mwingine akasema mkono wake unauma tangu juzi.

Nangila akaingia jikoni, akatoka na kisu. “Nitakata mimi.”

Akainama. Alikuwa ameshaushika uzi kwa vidole viwili Aboth aliposema, “Ngoja kwanza.”

Akangoja.

“Kwa nini wewe?”

“Kwa sababu nyinyi mnaogopa.”

“Na wewe huogopi. Hilo ndilo nauliza.” Aboth akasimama, akajifunga leso vizuri. “Jamani, mimi si mtu wa maneno. Lakini sanduku linalala kwa mama Jonan. Jana limekuwa jepesi. Jana hiyohiyo mama Jonan amekwenda Tororo peke yake kumwona mwenye ufunguo, amerudi na zawadi. Leo yeye ndiye ana haraka ya kukata. Tukishavunja, tukikuta hakuna, tutajua nani alikula? Kufuli si itakuwa imevunjika? Mtu atasema ilikuwa nzima?”

“Aboth! Mimi nina pesa humo kuliko wewe!”

“Ilikuwemo,” mwingine akasema kwa sauti ndogo.

Nangila akawatazama mmoja mmoja. Walikuwa wamekula pamoja, wamezikiana, wamezalishana. Akaanza kusema juu ya shamba, na kadiri alivyoeleza ni kwa nini lazima iwe leo, ndivyo alivyoona nyuso zao zinavyofungwa. Haraka yake ndiyo iliyokuwa ushahidi wao. Kama angesema hana shida, pengine wangemwachia kisu.

Akageuka kwa mumewe. Owori angeweza kusema neno. Angesema tu kwamba sanduku halijaguswa, kwamba analala juu yake kila siku na anajua. Alifungua mdomo, akaiona tena akilini ile kashata katika gazeti, akaufunga.

“Tungoje ishirini na moja,” Akullo akaamua, bila kumtazama mwenye nyumba. “Ufunguo ukija, kufuli ikiwa nzima, tutajua ni nani. Na Aboth na wawili wengine watalala hapa na sanduku mpaka siku hiyo. Mama Jonan, usichukulie vibaya.”

Jioni Owori alikwenda kwa Omaido kuomba wiki mbili. Alipiga magoti, jambo ambalo hakumsimulia mtu, ila lilionwa na mke wa Omaido na kwa hiyo likajulikana.

“Jana mliniambia mwenye ufunguo ana shida,” Omaido akasema. “Leo amefiwa. Kesho atakuwa amefufuka? Nenda nyumbani, baba Jonan. Mimi sikukuita.”

Jumatatu, wakati Aboth akikunja mkeka wake sebuleni kwa Nangila na kuulizia chai, ng’ombe wanne waliingia bondeni. Nangila aliwasikia kabla hajawaona. Alitoka uani, akasimama, akatazama jembe likifungua udongo mweusi kutoka mpaka hadi mpaka. Mvua ikanyesha kesho yake.

*

Tarehe ishirini na moja Maharaj alishuka kwenye boda saa tatu kamili, nywele zikianza kuchipua kichwani, chupa yake ya maji mkononi. Wanawake walimwamkia kwa heshima iliyopita kiasi. Kichwa kile kilikuwa kimewatia haya, maana hakuna anayenyoa namna ile kwa mchezo.

Hakukaa. Alinong’ona kidogo, akaufungua uzi bila kuukata, akaingiza ufunguo. Akullo na Aboth wakafungua zao. Kifuniko kikainuliwa, na pesa ilikuwa humo, imejaa, imefungwa mafungu kwa mipira kama walivyoiacha. Ilihesabiwa na watu watatu tofauti. Haikupungua kitu.

Vigelegele vikapaa. Aboth akamkumbatia Nangila kwa nguvu mpaka akamwinua juu. “Mimi nilisema! Si nilisema mama Jonan hawezi?” Nangila akamwacha amkumbatie. Wengine wakampigapiga bega, wakamsifu, wakamwita dada. Hakuna aliyeomba radhi, na kusema kweli hakuna aliyekumbuka kwamba kuna la kuombea radhi. Pesa ilikuwepo, basi mambo yalikuwa sawa.

Maharaj akamsogelea wakati wengine wakiimba. “Mama, shamba?”

“Limekwenda.”

Alisimama pale na ufunguo wake. Mwishowe akawageukia wote, akaunyoosha ufunguo, akasema wachague mtu mwingine. Yeye hafai.

“Hafai nani?” Akullo akapiga kelele. “Mtu huyu kafiwa na bado hakuna shilingi iliyopotea! Wanaotaka Maharaj aendelee, mikono juu.”

Mikono yote ikapanda. Nangila akawatazama majirani zake, akaupitisha ufunguo akilini kutoka kwa huyu hadi kwa huyu, mpaka kwa Owori aliyesimama ukutani kwa jiko. Kisha akainua mkono wake pia.

Alipopewa fungu lake hakulihesabu. Alilifunga kwenye kitambaa, akateremka bondeni, Owori nyuma yake. Hawakuwa wamesemezana sana kwa siku kumi na tatu. Shambani mahindi yalikuwa yameota, majani mawilimawili, mistari imenyooka. Omaido alikuwa akitembea katikati na mkewe, akihesabu mashimo ambayo mbegu haikuota.

“Mzee, pesa ni hii,” Nangila akasema. “Yote.”

“Naiona, mama Jonan. Na sikutilia shaka kwamba ingekuja.” Omaido hakunyoosha mkono. “Lakini imekuja baada ya tarehe. Shamba nimeshanunua, mwenyekiti amekwisha kuandika. Kaa na pesa yako, utapata kwingine.”

“Kwa pesa hii? Kwingine ni mara tatu.”

“Ee. Ardhi imepanda.”

Owori akaanza kusema kitu juu ya Mungu. Mkewe akamshika mkono. Upepo ulikuwa ukipita juu ya mahindi machanga, na kwa juu, kutoka nyumbani, nyimbo za kikundi bado zilisikika.

Mke wa Omaido alikuwa mwanamke mzuri wa moyo. Alimwonea Nangila huruma ya kweli, akasogea karibu ili waume wasisikie.

“Mama Jonan, palizi itaanza wiki ijayo. Sisi hatuzijui kona za shamba hili, wapi maji husimama, wapi kuna mawe. Kama unataka, njoo ulime. Wewe nitakuita kabla ya wengine.”

Nangila alitazama mistari ile. Kule mwisho, karibu na mfereji, walikuwa wamepanda mahali ambapo mbegu huoza kila mwaka.

“Mnalipa ngapi kwa siku?” akauliza.